Pengo Kwenye Kona ya Kitufe

Mlango wa nyuma ulikuwa kijani.

Ndivyo simu ilivyosema, na Nge akaiamini. Akausukuma mlango kwa bega, Beretta mkononi, akaingia ghalani.

Walikuwa wanamsubiri.

Watu watatu, wala hawana haraka. Wawili wamesimama huku na huku, bunduki zimeshaelekezwa mlangoni. Wa tatu, jitu la miraba minne, limeketi juu ya kreti, mguu juu ya mguu, kama mtu anayengoja zamu yake kwa kinyozi.

"Karibu, Nge," likasema jitu. "Umechelewa kidogo."

Jina lake walikuwa nalo. Muda wake wa kufika walikuwa nao. Kilichobaki kilikuwa sanda tu.

Nge hakungoja. Alijitupa sakafuni, akafyatua risasi moja kwenye taa ya dari, nyingine kwenye rundo la kreti. Kreti zikaporomoka. Vichupa vidogo vya kioo vikamwagika, vikatapakaa chini kama njugu, na wale wawili wakaanza kuteleza huku wakitukanana. Jitu likainuka. Nge akalitia kiwiko cha koo, goti la tumbo, na lilipoinama akalisindikiza kwa kitako cha bastola. Simu ikachomoka mfukoni mwa jitu. Nge akaidaka kabla haijagusa sakafu, maana mwanamke huyu hapigani akaondoka mikono mitupu.

Kisha mguu niponye.

Dirisha. Paa la mabati. Ukuta. Uchochoro wenye magunia ya taka. Risasi ikamkwaruza bega, ikachana koti, asigeuke. Suzuki Jimny yake ilikuwa kwenye kona. Aliitoa kinyumenyume mlango ukiwa bado wazi.

Redio ya Motorola ikakoroma.

"Nge, uko wapi?"

Ilikuwa sauti ya Mkuu wa Idara, mama mtu mzima ambaye hapandishi sauti hata nyumba ikiungua. Leo aliipandisha.

"Barabarani. Natoka damu kidogo. Walikuwa wananisubiri mlango wa nyuma."

"Nani alikutuma mlango wa nyuma?"

"Simu. Kijani."

"Kijani gani, mwanangu? Mlinzi wetu ameuwekea nyekundu tangu asubuhi. Ninaiona hapa mbele yangu. Nyekundu!"

Nge akaitazama simu yake iliyobandikwa kwenye dashibodi.

Kijani. Hata sasa hivi, kijani.

"Mzigo umeuona?" Mkuu akauliza.

"Nimeuona. Vichupa vile vile, lebo zile zile. Maji matupu."

"Malori yanaondoka leo mchana. Yakishafika kwenye maduka ya dawa, mambo yamekwisha; hakuna atakayevitofautisha na vya kweli. Unanielewa? Hiyo ni dawa ya usingizi ya hospitali. Mtu analazwa mezani, anachomwa, kisu kinaingia na anakisikia."

"Nakuelewa, mama."

"Basi nitafutie njia yatakayopita malori. Na Nge... usimwamini mtu."

Ungedhani hilo ni neno la kawaida kwa jasusi. Wapi! Jasusi anaamini watu kuliko mimi na wewe. Anamwamini aliyempa risasi kwamba si bandia. Anamwamini aliyempa gari kwamba breki zipo. Na Nge, juu ya hao wote, alimwamini mtu aliyeitengeneza Taa.

Taa ni programu ya simu ambayo kila jasusi wa Idara anatembea nayo. Walinzi waliojificha mitaani wanaweka alama: hapa salama, hapa hatari. Ukiifungua unaona vitu vitatu tu, ramani, kitufe kikubwa cha kuendelea, na maandishi chini yake. Pakiwa salama vyote vinakuwa kijani. Pakiwa na hatari vyote vinakuwa vyekundu na maandishi yanasema RUDI. Mtu anayekimbia hana muda wa kusoma risala. Anatupa jicho, anaona rangi, anaamua.

Aliyeitengeneza anaitwa Fundi. Idara nzima inamwita Fundi. Nge peke yake anamwita shemeji, kwa sababu amemuoa mdogo wake wa tumbo moja.

Alisimamisha Jimny kwa muosha magari, pembeni ya kituo cha mafuta.

"Osha. Weka povu jingi."

"Jingi kiasi gani, dada?" akauliza muosha magari, ndoo mkononi.

"Mpaka nisikuone."

"Loo! Unamkwepa nani, mume au mdai?"

"Jua."

Muosha magari akacheka, akaanza kazi. Povu likashuka kwenye vioo, jeupe, zito, na dunia ya nje ikafutika. Ndani ya gari Nge akafunga bega kwa leso, akashusha pumzi, akaishika simu yake na kuitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyedanganya.

Ramani, kijani. Kitufe, kijani. Maandishi, kijani: ENDELEA.

Ingekuwa ramani peke yake, angesema mtandao umekwama. Ingekuwa kitufe peke yake, angesema hitilafu. Kimoja kikiharibika vingine vinakisuta, ndiyo maana viliwekwa vitatu. Lakini vyote vitatu vikubaliane kwenye uongo mmoja?

Alikumbuka.

Alikumbuka siku shemeji yake alipomkalisha mbele ya kompyuta akamfundisha, kwa sababu Nge alitaka kujua roho yake inaning'inia kwenye nini. "Tazama, shem," Fundi alisema, akimwonyesha faili la maandishi ya programu, la XML, mistari imepangwa kama mabenchi ya darasani. "Hii inaitwa sifa. Sifa ni rangi, umbo, ukubwa, chochote. Fundi mchovu anaiandika upya kwa kitufe, anaiandika upya kwa maandishi, anaiandika upya kwa ramani. Akitaka kubadili lazima azunguke kote, na lazima asahau mahali. Mimi naitangaza mara moja tu, huku juu, nje ya vyote. Kila kipande kikiitaka kinaiita kwa jina. Nikigusa hapa, vyote vinageuka kwa pamoja."

"Na ukiitangaza mara mbili?" Nge aliuliza.

"Mashine inakataa kuijenga programu. Inakutapikia makosa mekundu mpaka uombe radhi."

Wakacheka. Sifa ile inayoamua rangi aliipa jina *hali*. Mahali pamoja pa kugusa. Na mtu mmoja wa kupagusa.

Akakumbuka na jana. Chakula cha mchana kwa mdogo wake, meza ile ile yenye mguu uliofungwa waya. Shemeji alinyoosha mkono katikati ya kula. "Shem, hebu lete simu nikusasishie. Taa mpya ina kasi, na wewe ndiye wa kwanza kuipata." Akaondoka nayo chumbani. Akarudi nayo. Akafuta kioo kwa upindo wa shati lake, taratibu, akampa kwa mikono miwili.

"Nenda salama, shem."

Hapana, Nge alijiambia. Hapana, hapana, hapana. Labda kuna mwingine. Mtu mwenye roho ya kusingizia watu anafika haraka kwenye jibu. Nge hakuwa na roho hiyo, hasa kwa mtu aliyewahi kumkeshea hospitalini siku alipotolewa risasi ya paja. Akachomoa kompyuta yake ya ThinkPad chini ya kiti, akaiunganisha na simu ya lile jitu.

Simu ya jitu ilikuwa na programu ya matokeo ya mpira. Timu, magoli, msimamo wa ligi. Ukibonyeza jina la refa, mpira unaondoka na ramani inakuja. Barabara zina rangi. Kijani, nyekundu.

Kumbe na wao wana Taa yao.

Haikufanana na ya Idara. Rangi za pembeni tofauti, herufi tofauti, nembo tofauti. Lakini kitufe cha kuendelea kilikuwa na kona moja iliyokatwa, ya juu kulia, sawasawa na kile cha Taa. Kona tatu nzima, moja imekatwa.

Akaipasua programu kwa zana ambayo Fundi mwenyewe alimpa, akafungua faili la sifa.

*hali*, ilisema mstari wa kwanza.

Sawa, neno la kawaida, yeyote anaweza kulitumia. Akateremka.

*pengo*.

Nge akaegemeza paji la uso kwenye usukani.

Hakuna fundi mwingine duniani ambaye angeiita kona iliyokatwa pengo. Ile siku Fundi alikuwa anaunda kile kitufe mezani nyumbani, mtoto wake alikuja mbio, amefumba kiganja, damu mdomoni, anacheka. Jino la mbele limetoka. La kwanza. Mdogo wake Nge alipiga vigelegele, Nge akambeba mtoto juu juu, na Fundi, akimtazama binti yake na lile tundu mdomoni, akasema, "Basi! Jina limepatikana." Akaandika pale pale. Tangu siku hiyo kila kitufe cha Taa, kila kisanduku, kila picha yenye kona iliyokatwa iliita sifa ile ile. Na mtoto naye jina likamganda. Pengo.

Alichukua jina la mtoto wake akawapelekea wauza dawa bandia.

Na hakuishia hapo. Nge alitazama programu ile inavuta sura yake kutoka wapi kila inapofunguliwa, na anwani aliijua kama mlango wa kwao. Lilikuwa ghala la mafaili la Idara, lile lile ambamo Taa nayo inachota sifa zake. Fundi hakutengeneza ghala la pili kwa ajili ya magendo. Vitufe vya majasusi na vitufe vya maharamia vilikuwa vinakula sahani moja. Usidhani ni uvivu. Mtu aliyehubiri miaka yote kwamba kitu hakiandikwi mara mbili, hata usaliti wake alishindwa kuuandika mara mbili.

Lakini damu ni damu. Nge alitaka kumpa nafasi ya mwisho. Unaweza kumwita mjinga, mimi simwiti.

Akapiga simu.

"Shem!" Fundi alipokea haraka mno. "Uko wapi? Uko mzima?"

"Nimeponea chupuchupu. Mlango wa nyuma walikuwepo."

"Haiwezekani. Labda mtandao. Unajua mambo ya mtandao."

"Najua. Sasa sikiliza, nataka kuyawahi malori. Nipitie wapi?"

Nge alisikia feni ya pale ofisini kwake ikigonga, ile isiyo na kikapu.

"Pitia daraja dogo," Fundi akasema. "Ni kijani kabisa."

"Una hakika?"

"Shem, mimi nakudanganya?"

"Niapie."

"Ah, shem, mambo gani haya?"

"Nimetoka kupigwa risasi. Niapie."

"Haya. Nakuapia kwa mtoto. Pita darajani."

Nge akakata simu. Akabonyeza redio.

"Mkuu. Daraja dogo lina rangi gani kwako?"

"Nyekundu. Mlinzi anasema kuna watu chini yake, wana bunduki kubwa. Usiende huko!"

Povu lilikuwa linateremka kwenye kioo, na machozi yalikuwa yanateremka kwenye shavu, na yeye mwenyewe hakujua yameanza lini. Mara ya kwanza shemeji yake alimtuma kufa bila kumtazama. Mara ya pili alimsikia sauti, alimsikia anahema, na bado akamtuma. Tena kwa kiapo.

"Nge?"

"Ni Fundi, mama."

Mkuu alivuta pumzi. "Nimpeleke mtu akamkamate sasa hivi?"

"Hapana. Ukimkamata, Mgeni atanusa. Malori hayatatoka."

Mgeni ndiye mwenye mzigo. Hakuna aliyejua kwao ni wapi. Alikuwa na pasi za kusafiria kama wengine walivyo na soksi, na kabla hajafanya jambo alikuwa anampigia mtu wake simu kuhakikisha.

"Kizuizi chetu kiko wapi?" Nge akauliza.

"Nyuma ya kiwanda cha mbao. Lakini wachunguzi wao wa pikipiki wameshakiona. Wamekiwekea alama."

Nge akatazama simu ya jitu. Kweli. Barabara ya kiwanda cha mbao, nyekundu. Njia ya machimbo ya kokoto, kijani. Malori yangepitia machimbo, na pale Idara haikuwa na hata mtu mmoja.

"Mama, waambie watu wetu wote wazime Taa. Watumie redio tu. Mtu asiamini rangi yoyote."

"Unataka kufanya nini?"

"Nataka kuwapa madereva kijani."

Akalifungua lile ghala la mafaili kwenye kompyuta. Neno la siri alikuwa nalo; Fundi alimpa zamani, akasema hili ni lako na langu, lolote likinipata utaendelea wewe. Akafika kwenye *hali*. Mistari miwili. Ukiwa salama, kijani, ENDELEA. Ukiwa na hatari, nyekundu, RUDI.

Akaibadilishanisha: hatari ikapata kijani, salama ikapata nyekundu.

Kazi imekwisha. Hakugusa kitufe. Hakugusa ramani. Hakugusa maandishi. Angekuwa fundi mwingine aliyeandika kila kitu mara tatu, Nge angehangaika mpaka jioni, na kimoja kingebaki chekundu kikawashtua madereva. Fundi hakuacha kimoja. Alifanya kazi safi, na usafi wake ndio Nge aliouegemea.

Mashine ikajenga. Haikutapika.

Akatuma.

Akaifunga simu ya jitu, akaifungua tena. Barabara ya kiwanda cha mbao: kijani. Kitufe: kijani. Maandishi: ENDELEA.

Akashusha kioo. Maji yakamrukia usoni.

"Dada, bado kusuuza!" muosha magari akalalamika.

"Litasuuzwa na upepo," akasema Nge, akamwachia noti, akaondoka na povu lake.

Kiwanda cha mbao kilikuwa kimefungwa zamani. Magogo yameoza, unga wa msumeno umekuwa tope, msumeno mkubwa umeshika kutu kwenye meza yake. Nyuma ya banda, askari wa Idara walilala kifudifudi. Nge alisimama nyuma ya nguzo, Beretta imeshushwa, jicho barabarani.

Redio, sauti ya chini ya mlinzi aliyekuwa anayafuatilia malori.

"Jicho Moja kwa Nge. Malori yameondoka ghalani."

"Nimekupata."

"Yamesimama njia panda. Dereva wa mbele anatazama simu. Land Cruiser ya Mgeni iko nyuma yao. Naye yuko kwenye simu, anaongea na mtu."

Nge alijua anaongea na nani. Alifumba macho.

"Amekata simu," akasema Jicho Moja. "Anawapungia mkono waende."

"Wapi? Machimbo?"

"Ngoja..."

Nzi alitua kwenye damu ya bega. Nge hakumfukuza.

"Kiwandani. Wanakuja kwako. Wanakuja wote!"

Walikuja kwa raha zao. Dereva wa mbele alikuwa anaimba, kiwiko nje ya dirisha. Waliingia uani mmoja nyuma ya mwingine, kwa utulivu wa watu wanaorudi nyumbani, na Land Cruiser ya Mgeni, ya mwisho kabisa, ilipopita geti, gogo likaangushwa nyuma yake.

"Sasa!" akasema Nge.

Askari wakainuka. Madereva walitazama bunduki, wakatazama simu zao, wakatazama bunduki tena. Mmoja aliigonga simu yake kwa kidole, ati labda itabadilika.

Mgeni ndiye aliyekuwa na akili ya haraka. Land Cruiser ikanguruma, ikarudi nyuma, ikageuka kumfuata Nge pale nguzoni. Nge alisimama. Risasi ya kwanza kwenye tairi la mbele. Ya pili kwenye la upande wa pili. Gari likayumba, likaingia kwenye tope la unga wa msumeno, likazama mpaka kwenye rimu. Mgeni akaingiza mkono chini ya kiti. Alipouinua, mdomo wa Beretta ulikuwa umeshagusa kioo.

"Zima injini," akasema Nge. "Na mkono uje mtupu."

Ukaja mtupu.

Mkuu mwenyewe alifika, akashuka kwenye gari, akafungua kreti ya kwanza, akainua kichupa kwenye mwanga na kukirudisha. "Vyote vipo?"

"Vyote."

"Basi kaa chini ufungwe hilo bega. Fundi nitamtumia watu wengine."

"Hapana, mama. Wabaki chini kwenye ngazi. Huyu ni wa nyumbani. Nitapanda mimi."

Fundi alifanyia kazi zake ghorofani, juu ya duka la vioo. Feni isiyo na kikapu ilikuwa inagonga. Skrini mbili zimewashwa. Ukutani, kwa gundi ya karatasi, picha aliyochora mtoto: baba mwenye kichwa kikubwa kuliko nyumba. Begi lilikuwa wazi juu ya kiti, mashati yamejazwa bila kukunjwa.

Alipomwona Nge mlangoni, begi lilimtoka akilini.

"Shem! Shukuru Mungu!" Akaja na mikono wazi.

Nge akaweka ThinkPad kati yao, kifuani mwa Fundi. Faili lilikuwa wazi. *pengo*.

Mikono ya Fundi ikashuka.

"Kaa," akasema Nge.

Akakaa. Alikunja upindo wa shati lake, akaukunjua, akaukunja. "Walinitishia," akasema. "Wiki iliyopita. Walinionyesha picha ya mtoto anatoka shule. Ungekuwa wewe ungefanyaje, shem? Niambie. Ungefanyaje?"

Nge alitaka kuamini. Haki ya Mungu, alitaka. Angeweza kubeba hilo, angeweza kumwambia mdogo wake: alifanya kwa ajili ya mtoto.

"Simu niliyochukua ina matoleo yote ya ile programu," akasema taratibu. "La kwanza kabisa lina pengo. Nimeona limetengenezwa lini. Mtoto alikuwa bado anakunywa uji kwa upande, analalamika tundu linawasha. Lile jino limeshaota. Limekomaa. Anatafunia nyama. Muda wote huo wewe uko nao. Wiki iliyopita ya nini unaniletea hapa?"

Fundi hakuinua kichwa.

"Kwa nini?"

"Wewe ukirudi kazini watu wanasimama," akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa chungu, ya mtu aliyeyatunza maneno hayo muda mrefu. "Nge, Nge, Nge! Mimi nikikosea naitwa. Nikipatia, nani anaona? Wale walinisifia. Waliniita mhandisi."

"Mimi niliona!" Nge alipiga meza, na picha ya mtoto ikatikisika ukutani. "Mimi, shem! Kila nilipogusa mlango nilikuwa nimeshika mkono wako. Nilikuwa sitazami hata mara mbili. Nani mwingine duniani amekuamini hivyo? Umeniua mara mbili leo. Na mara ya pili uliniapia kwa mtoto."

Feni iligonga, ikagonga.

"Mgeni alinipigia," Fundi akanong'ona. "Akaniuliza njia. Nilitazama mwenyewe. Ilikuwa kijani."

"Najua. Na mimi nilitazama."

Hapo ndipo alipoelewa. Akageukia skrini yake, akaisogelea, akaona mistari miwili imebadilishana nafasi. Aliitazama muda mrefu. Na Nge, kwa hasira yake yote, aliona kitu ambacho kilimuuma kuliko risasi: kwa nukta moja Fundi alifurahi, vile alivyokuwa anafurahi zamani mwanafunzi wake akipata.

Kisha uso ukamvunjika.

"Mdogo wako utamwambia nini?"

"Mimi? Utamwambia wewe. Mkuu amemtumia gari, yuko njiani anakuja Idarani. Mtakaa chumba kimoja na utamtazama machoni."

"Na mtoto? Mimi ndiye ninayemchukua leo."

"Nitamchukua mimi."

Nge akaifunga ThinkPad. Akachomoa simu yake, ile yenye Taa, akaiweka mezani mbele ya Fundi, kioo chini. Akavaa miwani yake ya jua. Hakugeuka nyuma. Kwenye ngazi, askari walimpisha, akawapita bila kupunguza mwendo, koti limetupwa juu ya bega ili damu isionekane.

Nje ya shule wazazi walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha ukuta. Geti likafunguliwa. Watoto wakamwagika, kelele tupu.

"Mama mkubwa!"

Pengo alikuja mbio, begi linampiga mgongoni, mkono mmoja umefunika mdomo. Alisimama mbele yake, akachungulia kulia na kushoto.

"Baba yuko wapi?"

"Ana kazi. Leo umepata mimi."

Mtoto alifikiri kidogo, akaona si mbaya. Akautoa mkono mdomoni, akatabasamu mpaka macho yakafumba. Jino la pembeni halikuwepo. Tundu bichi, jekundu, na jino lenyewe liko kiganjani limefungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari.

"Limetoka darasani! Nimelivuta mwenyewe!"

"Ebo! Mwenyewe?"

"Mwenyewe." Kisha akaukamata mkono wa Nge kwa nguvu, akasimama kwa ncha za vidole, akamnong'oneza sikioni. "Mama mkubwa, usimwambie baba. Nataka nikamwonyeshe mimi."

Nge akachukua begi la mtoto, akalivaa kwenye bega lisilo na kidonda. Aliacha miwani usoni.

"Sitamwambia," akasema.